Vijiti vya nano vya ZnO vinalala ubavu badala ya kusimama. Nadai ni maji ya Tanga, nipingeni

#1 Mkonge_Mkavu
Wakuu salaam. Naotesha safu za vijiti vya nano vya oksidi ya zinki (ZnO) juu ya slaidi za hadubini, kwa njia ya maji. Mapishi ni yale yale yanayojulikana: nitrati ya zinki (ile yenye maji sita) 1.49 g na heksamini 0.70 g ndani ya maji 200 mL, yaani 25 mM (milimoli kwa lita) kila moja. Mbegu, yaani chembe za ZnO za kuanzishia vijiti, natengeneza kwa asetati ya zinki 5 mM kwenye ethanoli. Nadondosha juu ya kioo, naacha ikauke, narudia mara tano, kisha tanuri la 350 °C dakika 20. Baada ya hapo slaidi inaingia kwenye bika, 90 °C, saa 4.

Kinachotoka: mchanganyiko unageuka maziwa ndani ya nusu saa, kioo kinapata utando mweupe wenye mabaka, na picha ya hadubini ya elektroni inaonyesha vijiti vimelala kila upande, juu yake vishada kama maua. Urefu si mbaya, mikromita 1.5 hivi. Kusimama wima ndiyo hakuna.

Dai langu: ni maji ya huku kwetu. Kemikali zote ni za daraja la maabara, kilichobaki ni maji. Mwenye hoja nyingine aje nayo.

#2 Fundi_Hotipleti
Kabla hujayasingizia maji: slaidi inakaaje ndani ya bika? Upande wenye mbegu uko juu au chini?

#3 Mkonge_Mkavu
Imelala kwenye kitako cha bika, mbegu juu.

#4 Fundi_Hotipleti
Basi maua yako yameshapata mzazi. Yale maziwa unayoyaona ni ZnO iliyozaliwa katikati ya maji, haijashika popote. Chembe zile zina uzito, zinashuka, na zinatua juu ya slaidi yako. Zikishatua zinaendelea kuota vijiti kila upande, ndiyo hivyo vishada.

Geuza slaidi, mbegu itazame chini. Usiilaze kwenye kitako. Iegemeze kwenye ukuta wa bika, mwinamo wa nyuzi 60 hadi 70, upande wa mbegu ukiwa ule wa chini. Ukitaka ilale kabisa, kata vipande viwili vya kioo vya milimita 3 uviweke kama miguu.

Tahadhari moja: ukigeuza, mapovu ya hewa yanajibanza chini ya kioo. Kila povu linaacha duara tupu lisilo na kijiti hata kimoja, na ukiona duara safi la milimita 2 usianze kulaumu mbegu. Chemsha maji kwanza dakika 10 kutoa hewa, yaache yapoe yakiwa yamefunikwa, ndipo uchanganye. Slaidi ikishazama itikise kidogo kwa kibanio.

#5 Bi_Raskazone
Fundi yuko sahihi kuhusu maua, ila maua si swali. Mwenye uzi kauliza kwa nini vijiti *vya chini* vimelala. Hayo ni magonjwa mawili. Kugeuza slaidi kutaondoa takataka za juu, halafu atakuta chini yake msitu uleule uliolala.

Kijiti hufuata mbegu. Fuwele ya ZnO ina mhimili mmoja inaourefukia haraka kuliko pande nyingine, mhimili c. Mbegu ikiwa imelala bapa, mhimili c ukitazama juu, kijiti kitasimama. Mbegu ikiwa imekaa ovyo, kijiti kitaota ovyo, hata ungetumia maji ya mbinguni. Kioo hakina mpangilio wa fuwele, kwa hiyo hakiisaidii mbegu kujipanga. Mbegu hujipanga yenyewe wakati asetati inaoza kwenye joto, na hilo linataka utando mwembamba sana.

Ndugu Mkonge umeandika "naacha ikauke". Hapo ndipo ninapokuwekea alama ya kuuliza. Njia ya kundi la Greene na Yang ya mwaka 2005 ni: dondosha, subiri sekunde 10, suuza kwa ethanoli safi, puliza kwa gesi ya agoni, rudia mara tatu hadi tano. Ukiacha ikauke yenyewe unapata rundo la asetati pembezoni na upungufu katikati. Rundo likichomwa linatoa chembe nene zilizokaa hovyo hovyo. Na yale mabaka yako yanatokana na hapo.

#6 Zigi_Chini
Bi Raskazone nakuheshimu, lakini maji usiyapitie juu juu. Mkonge hajasema ni maji gani. Bomba la mjini linatoka mto Zigi kupitia bwawa la Mabayani, na limetiwa klorini. Visima vya karibu na bahari vina chumvi. Visima vya ukanda wa mawe ya chokaa upande wa Amboni ni maji magumu. Kila aina ina namna yake ya kuharibu.

Kloridi inapenda kukaa kwenye uso wa zinki, kile kichwa cha kijiti ambacho ndicho kinachotakiwa kukua. Ikikaa hapo urefu unapungua, unapata visahani vya pembe sita badala ya vijiti. Ikizidi, unapata kabisa chumvi nyingine ya tabaka tabaka yenye zinki, hidroksidi na kloridi. Maji magumu nayo yana bikaboneti, ambayo ikipashwa joto mbele ya zinki inakupa kaboneti ya zinki yenye hidroksidi. Nyeupe vilevile, kwa macho huwezi kuitofautisha.

Hesabu ndogo: maji ya bahari yana kloridi karibu 0.55 M. Mililita 1 tu ikiingia kwenye 200 mL yako tayari una 2.7 mM ya kloridi, zaidi ya sehemu moja kwa kumi ya zinki yako yote.

Na kuchemsha hakuondoi kloridi. Maji yanapungua, chumvi inabaki pale pale, kwa hiyo unaizidisha.

#7 Waja_Leo
Jamani Tanga waja leo waondoka leo. Vijiti vyenu vimekuja, vimelala, mnataka visimame viende wapi?

#8 Mkonge_Mkavu
😂 Waja_Leo tulia.

Zigi, maji ni ya betri, ya chupa, nimenunua kituo cha mafuta. Bi Raskazone, nimekusoma, kusuuza sikufanyi kwa sasa, ngoja nilipange.

#9 Zigi_Chini
Maji ya betri yanaweza kufaa, ila hakikisha ni ya kuongezea na si asidi. Rafu ni moja, chupa zinafanana. Soma lebo, kisha pima: asidi ya betri ina uzito wa 1.28 g kwa kila mililita, kwa hiyo 10 mL kwenye mizani zitakuwa gramu 12.8 badala ya 10. Asidi halisi badala ya maji ingezuia ZnO kuota kabisa, na wewe umeota vijiti, kwa hiyo si asidi.

Lakini "si asidi" haina maana "ni safi". Chukua kipima upitishaji umeme. Maji mazuri yasizidi mikrosimensi 5 kwa sentimita. pH ya maji safi yaliyokaa wazi huwa kwenye 5.6 kwa sababu ya kabonidioksidi ya hewani, usiogope hiyo. Kisha chukua 5 mL, tia matone mawili ya nitrati ya fedha 0.1 M. Yakibaki angavu, kloridi si shida yako. Ukungu mweupe ukitokea, una jibu.

Maji ya kiyoyozi ambayo watu hukinga kwenye ndoo yasitumike. Yametiririka juu ya bomba la shaba na vumbi.

#10 Bi_Raskazone
Kloridi inaharibu, sikatai, ila isigeuzwe shetani. Peulon na Lincot mwaka 1996 waliotesha safu za ZnO kwa njia ya umeme ndani ya maji, chanzo kikiwa *kloridi* ya zinki na juu yake kloridi ya potasiamu imo. Zikaota safi. Kama kloridi ingekuwa sumu ya namna hiyo wasingepata kitu.

#11 Zigi_Chini
Hapo unachanganya madawa. Kwao hidroksidi inazalishwa na umeme usoni mwa elektrodi yenyewe, oksijeni iliyoyeyuka ikipewa elektroni pale pale. Kwenye bika la Mkonge hidroksidi inatoka kwa heksamini, polepole, kila mahali ndani ya maji. Hali mbili tofauti. Usichukue uvumilivu wa njia moja ukaupa nyingine.

#12 Bi_Raskazone
Sawa, ila uso wa zinki wa fuwele ni uleule kokote ulipo, na kloridi ni ileile. Nasimama hapo.

#13 Mlima_Soni
Naingilia kutoka milimani. Hakuna aliyeuliza 90 °C imepimwa wapi. Namba ya kwenye hotipleti ni joto la bati. Kwenye bika wazi la 200 mL tofauti kati ya bati na maji inaweza kufika nyuzi 20 au zaidi, na chini ya bika kunakuwa na joto kuliko juu. Slaidi iliyolazwa kitakoni inakaa kwenye sehemu kali kuliko zote, na upande mmoja wa kioo unaota haraka kuliko mwingine. Weka kipimajoto ndani ya maji.

Njia nzuri ni chupa ya maabara yenye mfuniko wa kusokota, imetumbukizwa ndani ya sufuria kubwa ya maji, au iwe ndani ya ovena. Mfuniko usikazwe sana, mvuke upate pa kutokea, ila usiwe wazi. Bika wazi kwa saa 4 linapoteza maji na amonia, na mkusanyiko unabadilika njiani.

Huku Lushoto mita 1,400 hivi juu ya bahari maji huchemka kwenye 95 °C, kwa hiyo anayejaribu mapishi ya 95 °C ajue yuko ukingoni mwa kuchemka, na mapovu yatamharibia kioo. Pwani mna nafasi ya nyuzi tano zaidi.

Kasi ya kupasha nayo ni neno. Ovena inachukua muda mrefu kupandisha 200 mL, hotipleti kali inapandisha haraka, na ukipandisha haraka heksamini inavunjika kwa kishindo. Maziwa ndani ya nusu saa yananiambia Mkonge ana haraka.

#14 Fundi_Hotipleti
Umeme ukikatika katikati je? Sufuria ya maji juu ya jiko la mkaa inashika joto vizuri kuliko hotipleti, maana maji mengi hayapoi haraka. Ila sufuria hiyo isirudi jikoni tena. Heksamini ikivunjika inatoa amonia na fomaldehaidi: molekuli moja na maji sita inakupa fomaldehaidi sita na amonia nne. Fanyeni penye upepo, si chumbani mmefunga madirisha kwa ajili ya mbu.

#15 Waja_Leo
Kwa hiyo mama akiuliza sufuria yake ya pilau iko wapi, naambiwa niseme iko kwenye nano.

#16 Mizani_Sita
Nimekaa kimya nikihesabu. Angalieni hizi namba, mtaelewa maziwa yanatoka wapi.

200 mL za 25 mM ni milimoli 5 za zinki. Zote zikigeuka ZnO ni 0.407 g. Slaidi ya 25 × 75 mm ina eneo la sentimita za mraba 18.75. Utando wa mikromita 1 uliojaa pasi na nafasi una ujazo wa 0.001875 cm³, na kwa uzito wa 5.6 g/cm³ ni miligramu 10.5. Yaani slaidi nzima inahitaji asilimia 2.6 tu ya zinki iliyomo. Vijiti vina nafasi katikati, kwa hiyo kwa uhalisia ni pungufu ya hapo.

Hata kwa urefu wake wa mikromita 1.5 haifiki asilimia 4. Kilichobaki kitaenda wapi? Ama kibaki kimeyeyuka, ama kizaliwe katikati ya maji. Kwa 25 mM na 90 °C, kinazaliwa. Mkonge punguza hadi 10 mM: nitrati 0.595 g, heksamini 0.280 g kwa 200 mL. Vijiti vitakuwa vyembamba na maziwa yatachelewa. Vayssieres alishaonyesha hili mwaka 2003: kwa 0.1 M anapata vijiti vinene vya mikromita moja hadi mbili, akishuka hadi 0.01 M vinakuwa nanomita 100 hadi 200. Na mbegu zake alizichoma vizuri.

#17 Bi_Raskazone
Asante kwa hesabu, imenyooka. Sahihisho dogo: Vayssieres hakutegemea utando wa mbegu. Fahari ya kazi yake ilikuwa hiyo, bila kiolezo wala dawa ya kupanga, moja kwa moja juu ya bamba la kuoteshea. Mbegu za asetati ni za lile kundi lingine.

#18 Mizani_Sita
Sahihi. Nafuta sentensi ya mwisho, hesabu inabaki.

#19 Kisosora_Kemia
Mnaitaja heksamini kana kwamba kazi yake inajulikana. Haijulikani, na hapo ndipo ugomvi ulipo.

Kambi ya kwanza: heksamini ni tangi la hidroksidi lenye bomba jembamba. Inavunjika polepole, amonia inatoka, pH inabaki kwenye 6 hadi 7, zinki inapata hidroksidi kwa kipimo. Kwa kambi hii urefu wa kijiti ni tabia ya fuwele yenyewe, heksamini haina mkono.

Kambi ya pili: heksamini inajibandika kwenye kuta za pembeni zisizo na chaji, inaziba njia ya zinki, kwa hiyo kijiti kinaweza kukua kwa kichwa tu. Sugunan na wenzake waliitetea hii mwaka 2006.

Kwa Mkonge tofauti ni ya vitendo. Kama kambi ya kwanza ni kweli, aweza kupunguza heksamini au kuongeza, atakachobadilisha ni kasi. Kama ya pili ni kweli, akipunguza heksamini vijiti vitanenepa.

#20 Zigi_Chini
Kambi ya kwanza. Kuna waliotupa heksamini wakatumia amonia peke yake kwa pH ya 10 hadi 11 na vijiti vikaota. Anayejibandika ukutani kwao ni nani?

#21 Kisosora_Kemia
Kwa pH hiyo zinki yenyewe imeshikwa na amonia nne nne, mchezo mwingine kabisa. Wewe huyohuyo namba 11 ulimwambia Bi Raskazone asihamishe ushahidi kutoka njia moja kwenda nyingine 😄

#22 Zigi_Chini
Umenikamata. Bado ni kambi ya kwanza.

#23 Fundi_Hotipleti
Amonia ina faida yake hata ukiwa na heksamini. Ukiiongeza kidogo kidogo, inashika zinki isikimbilie kuzaliwa katikati ya maji. Mchanganyiko unabaki angavu muda mrefu na slaidi inapata fungu lake. Wapo wanaotumia polima ya polietilenimini kwa kazi hiyo. Law na wenzake mwaka 2005, kwa seli za jua za rangi, walitia 5 hadi 7 mM yake pamoja na 25 mM za nitrati na za heksamini, 92 °C, wakapata nyuzi zenye urefu zaidi ya mara 125 ya unene wake. Lakini na wao walikuwa wakimwaga mchanganyiko wa zamani na kutia mpya. Mkonge akitaka kuvuka mikromita 2 itabidi abadilishe maji kila saa mbili na nusu au tatu. Mapya yawe yameshapata joto kabla, slaidi isipoe.

#24 Makorora_Usiku
Habari za usiku. Mmeruka jambo moja la hapa hapa pwani: unyevu wakati wa kupaka mbegu.

Ethanoli ikivukiza inavuta joto la kioo. Hewa yetu ikiwa 30 °C na unyevu wa asilimia 80, umande unaanza kwenye 26 °C. Kioo kikishuka nyuzi nne tu tayari kinatoka jasho kama glasi ya maji ya baridi mezani. Ule umande unaingia kwenye asetati kabla haijakauka, inageuka chumvi ya tabaka yenye hidroksidi, na inaganda kwa visiwa. Dalili yake unaiona kwa macho: ukungu wa maziwa unaopita juu ya slaidi sekunde chache wakati ethanoli inaondoka. Utando mzuri unakauka angavu, unaona tu rangi za upinde zikikimbia kuelekea ukingoni.

Dawa: weka slaidi juu ya bati la 60 hadi 70 °C wakati wa kudondosha, au pakia ndani ya sanduku la plastiki lenye jeli ya silika iliyokaushwa. Ethanoli iwe kamili. Spiriti ya duka la dawa ya asilimia 70 ni theluthi moja maji, na ile ya bluu ya kuwashia ina rangi na takataka.

Asetati 5 mM kwa 50 mL ni miligramu 55. Mizani ya kusoma 0.01 g haitoshi kwa hilo. Tengeneza 50 mM (0.549 g kwa 50 mL), kisha chukua 5 mL uzimue hadi 50.

#25 Bi_Raskazone
Hii namba 24 ni dhahabu. Naongeza tu kwamba kioo kioshwe kweli: sabuni, maji, asetoni, isopropanoli, dakika 10 kila kimoja, kwenye chombo cha mawimbi ya sauti kama kipo. Mimina maji juu yake, yakitanda kama shuka kioo ni safi, yakijikusanya matone rudia.

#26 Mlima_Soni
Ila bati la 70 °C linakinzana na kusuuza baada ya sekunde 10. Tone litakuwa limeshakauka kabla hujafika kumi, utasuuza nini?

#27 Makorora_Usiku
Anayesuuza atumie sanduku kavu. Asiyesuuza atumie bati la moto na azimue hadi 2 mM.

#28 Bi_Raskazone
Asiyesuuza asuuze.

#29 Mkonge_Mkavu
Nashukuru wote. Swali la pembeni: hadubini ya elektroni ni foleni na ni gharama. Kuna namna ya kujua nyumbani kama vijiti vimesimama kabla sijaomba nafasi?

#30 Kisosora_Kemia
Kusimama kwenyewe hupimwa kwa mtawanyiko wa miale ya eksi. ZnO ya unga ina vilele vitatu vya mwanzo: kwenye nyuzi 31.8, 34.4 na 36.3 kwa mashine yenye mirija ya miale ya shaba, na kilele kirefu ni cha 36.3. Vijiti vikisimama, kile cha 34.4 kinameza vingine vyote. Ukiona vitatu vyote vina urefu wa kawaida, vimelala, hata picha moja ya hadubini ikikupendeza. Hadubini inaona nywele chache, miale inaona sentimita nzima.

#31 Waja_Leo
Mimi natumia tochi ya kukagulia noti. Ikiwaka machungwa, ni ZnO.

#32 Mizani_Sita
Utani wako una ukweli nusu. ZnO iliyooteshwa kwenye maji ina kasoro nyingi na huwaka njano hadi machungwa chini ya mwanga wa urujuanimno. Lakini tochi nyingi za bei rahisi ni nanomita 395, ambazo ni eV 3.14. Pengo la ZnO, yaani nishati ambayo mwanga lazima uifikie ili kuiamsha, ni 3.37 hivi, kwa hiyo hiyo haivuki. Tafuta ya 365, ambayo ni 3.40. Na kuwaka kunathibitisha ZnO tu, hakusemi imesimama au imelala.

Kipimo kizuri cha nyumbani ni ukinzani. Paka mistari miwili ya rangi ya fedha yenye nafasi ya milimita 1, unganisha malitimita. Gizani utasoma megaomu, ukiwasha 365 inashuka kwa kishindo, ukizima inapanda taratibu sana, dakika hadi saa, ikisubiri oksijeni irudi usoni. Isiposhuka, utando wako ni kaboneti au chumvi ya kloridi, na Zigi atakuwa ameshinda.

#33 Zigi_Chini
Screenshot nimepiga.

#34 Pongwe_Shambani
Mnaoteshea nini lakini? Nauliza kwa nia njema. Huku tunataka kitu cha kusafisha maji ya tangi kwa jua.

#35 Fundi_Hotipleti
Inawezekana kwa majaribio. Rangi ya methilini buluu ya mikromola 10 kwenye jua inafifia mbele ya slaidi yenye vijiti, na lazima uweke slaidi tupu pembeni kwa kulinganisha, maana jua la mchana lenyewe linaifubaza. Ila ZnO haipendi asidi. Maji yakishuka chini ya pH 6 inaanza kuyeyuka, na juu ya 12 vilevile. Hata kwenye maji ya kawaida mwanga wenyewe unaila polepole. Kwa tangi la kunywa usitumie.

#36 Waja_Leo
Kwa hiyo juisi ya machungwa ya Muheza inayeyusha nano yote.

#37 Fundi_Hotipleti
Ndani ya dakika chache. Ndiyo njia ya bei rahisi ya kufuta slaidi ukitaka kuitumia tena, ingawa siki inafanya kazi vilevile na haina sukari.

#38 Mlima_Soni
Na mabaki msimwage mtaroni, mtaro unaishia baharini na zinki inaua samaki wadogo. Tia magadi yaliyoyeyushwa hadi pH ifike 9, zinki inashuka kama kaboneti nyeupe, acha usiku, chuja kwa kitambaa kizito, hifadhi unga kwenye kopo.

#39 Makorora_Usiku
Kuna jambo moja hakuna aliyeligusa: wingi wa vijiti. Kijiti kilichoinama kikizungukwa na majirani wengi kitagonga ukuta wa jirani na kusimama kukua hapo, wima ndio wanaoendelea. Mbegu zikiwa chache waliolala wanapata nafasi na wanaishi. Kwa hiyo inawezekana mbegu za Mkonge zimekaa sawa tu, ila ni haba kwa sababu ya visiwa. Angalia picha ya saa 1 na ya saa 4 za slaidi ileile. Kama mwinamo unapungua kadiri vijiti vinavyorefuka, tatizo ni wingi. Usipobadilika, tatizo ni mpangilio.

#40 Bi_Raskazone
Kwa mbegu zisizosuuzwa atakuwa na vyote viwili, haba huku na rundo kule. Kipimo chako hakitatenganisha.

#41 Mkonge_Mkavu
Nitrati ya fedha nimepata. Matone mawili kwenye 5 mL za maji ya betri: ukungu hafifu sana, unaonekana tu ukiweka karatasi nyeusi nyuma. Hiyo inahesabika?

#42 Zigi_Chini
Inahesabika!

#43 Bi_Raskazone
Haihesabiki. Kloridi ya fedha inaonekana hata kwenye mikromola kumi na kitu. Mkonge ana mikromola 25,000 za zinki. Linganisha.

#44 Zigi_Chini
Kwa wastani, ndiyo. Lakini kloridi haitawanyiki kwa wastani, inakwenda usoni mwa kichwa cha kijiti. Hesabu eneo la vichwa, si ujazo wa bika. Mkonge, chukua maji hayohayo, gawa mawili, moja tia chumvi ya meza hadi 1 mM (miligramu 11.7 kwa 200 mL), slaidi mbili kutoka tanuri moja la mbegu, zote zitazame chini, 10 mM, saa 4. Zikifanana nitanyamaza.

#45 Bi_Raskazone
Na ya tatu iliyosuuzwa mbegu, maji yaleyale ya betri. Bila hiyo mtakuwa mnapima nusu ya swali.

#46 Mlima_Soni
Na kipimajoto ndani ya maji, siyo kwenye bati.

#47 Mkonge_Mkavu
Slaidi tatu, chupa tatu, sufuria moja. Kuna mwenye sufuria kubwa ya kuazima Makorora au Chumbageni?